Mrejesho: nimeacha kazi ya dukani, sasa nachora Tingatinga

Habari zenu, ndugu zangu. Mwaka jana niliomba ushauri: nimeajiriwa duka la vifaa vya ujenzi, lakini moyo wangu wote uko kwenye kuchora, niache kazi? Wengi mlisema nisikurupuke, nitafute fundi anifunze kwanza.

Nilimpata mzee mmoja Oysterbay, Dar es Salaam, eneo ambako Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wa uchoraji wenye jina lake, alikuwa akiuza picha zake kabla ya kufariki mwaka 1972. Jioni baada ya kazi nilikuwa namsafishia brashi huku namtazama. Rangi ni ile ile ya mafuta ya kopo, inayong'aa. Unapaka mandhari, unaiacha ikauke kabisa, ndipo mnyama anaingia. Ukiwa na haraka, madoa ya chui yanachuruzika. (Wanaosema hii ni michoro ya watalii tu, waje wamwone akivuta shingo ya twiga kwa mkono mmoja usiotetemeka.)

Kazi ya duka nimeiacha rasmi. Kodi ya nyumba inatoka kwenye picha, ingawa masika biashara hulegea. Nina furaha sana, asanteni mno.

Anayejua kufungasha turubai kubwa isafiri nje bila rangi kupasuka, naomba anielekeze.