Nimekwama na boti Wigan: nisubiri loki zifunguliwe au nikodi lori?

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri kwanza, matusi baadaye.

Niko Uingereza mwaka wa sita. Nimenunua boti ya kuishi, zile nyembamba zenye jiko la kuni, naipeleka Leeds ninakofanya kazi. Mfereji wa Leeds na Liverpool una kilomita 204 na loki 91, yaani vyumba vya maji vyenye malango vya kupandishia na kushushia boti. Nimefika Wigan, chini ya loki 21 zilizopangana kama ngazi, nakuta zimefungwa. Mabwawa yanayolisha mfereji yamekauka. Leo wiki ya tatu. Chumba changu Leeds nimeshatoa notisi, mwisho wa mwezi natakiwa nitoke. Nisubiri mvua au nikodi lori na kreni?

Msengerema Halisi: Wiki tatu tu? Kabla ya daraja la Busisi sisi tulisubiri kivuko mpaka samaki wanaozea kwenye tenga. Siku moja mke wangu alinisubiri ng'ambo mpaka akakata tamaa, akapanda basi akarudi kwao. Vumilia.

Mama Nuru: Mwanaume mzima unaachia chumba kabla hujafika? Ulimwamini nani, mawingu?

Baharia Mstaafu: Mwaka 2023 ukame ulizipanga meli foleni hata Panama. Loki inakula maji: kila boti ikipita, chumba kizima cha maji kinateremka bondeni. Boti yako futi ngapi?

Mleta uzi: Ya kawaida tu mkuu. Swali langu ni lori.

Baharia Mstaafu: Futi ngapi?

Mleta uzi: 70. Ila muuzaji alisema loki ni pana, futi 14, nikiilaza mshazari inaingia. Na hela nilishalipa.

Baharia Mstaafu: Kutoka Liverpool mpaka Wigan loki zinapokea futi 72, ndiyo maana umefika hapo unachekelea. Kuanzia hapo kwenda Leeds ni futi 62. Mshazari wote unakuongezea futi moja na nusu, na hapo sijatoa upana wa boti. Hata mvua ya Nuhu ikinyesha, hupiti.

Mleta uzi: Nilishaliwaza hilo. Nikikwama nazungukia mfereji wa Rochdale, kule ni 72.

Baharia Mstaafu: Rochdale unaishia Sowerby Bridge. Mbele yake ni mfereji wa Calder na Hebble, loki za futi 57. Umeruka majivu, umekanyaga moto.

Dogo wa Ilala: Wakuu, hii chai, tena ya tangawizi. Boti inapanda mlima? Halafu nani ananunua boti bila kuipima? Hata suruali ya mtumba tunajaribishia juu ya nyingine.

Msengerema Halisi: Mimi nilinunua shamba bila kulipima. Endeleeni.

Mleta uzi: Dogo, sina shida ya kukutungia. Unaingiza boti chumbani, kuta zina ute wa kijani. Unapanda ngazi ya chuma inayoteleza, kamba begani. Lango unalifunga kwa kuegemea boriti lake kwa makalio, unarudi kinyumenyume. Kisha unazungusha meno ya chuma kwa mkono, maji yanachemka huko chini, boti inaumuka kama unga wa maandazi. Pale loki ya Appley nilifungua kwa pupa, boti ikagonga ukuta, sahani mbili chini.

Dogo wa Ilala: Kaeleza kila kitu isipokuwa boti. Picha?

Mleta uzi: Simu imeingia maji.

Dogo wa Ilala: Nilijua.

Mama Nuru: Inaitwaje hiyo boti?

Mleta uzi: Subira.

Mama Nuru: Ungeiita Futikamba.

Mleta uzi: Chekeni tu. Nimeazima simu ya jirani, nimewapigia watu wa lori. Cha kwanza wameuliza urefu.

Baharia Mstaafu: Ukawaambia?

Mleta uzi: Nimewaambia ya kawaida.