Zawadi ya Salim (yeye hayumo humu)

Rehema: Shikamooni wakubwa. Juma, mambo. Kikundi hiki ni cha zawadi ya Salim tu, tumpe akimaliza mitihani. Tafadhali mtu asije akamwingiza. Nimeona kikombe kimeandikwa "Usinisumbue, naandika programu". Mnasemaje?

Mama Mdogo Zuhura: Marahaba mwanangu. Kizuri hicho, kinamfaa.

Juma: Shikamooni. Vikombe vya namna hiyo anavyo tayari. Kimoja anawekea bisibisi 😂

Mjomba Bakari: Marahaba wanangu. Naomba tusimpe maandishi. Salim tangu mdogo ukimpa kitu anakigeuza kwanza kutafuta skrubu zilipo. Kikombe kitamwambia kwamba yeye ni mtu wa kompyuta, na hilo analijua. Tumpe kitu kitakachomkosesha usingizi mpaka ajue kinafanyaje kazi.

Juma: Hapo sawa Mjomba. Basi kile kisanduku cha swichi! Ukiwasha, mfuniko unafunguka, kinatoka kidole, kinazima swichi, kinarudi ndani. Kazi yake yote ni kujizima.

Mama Mdogo Zuhura: Sasa faida yake nini?

Juma: Haina, ndiyo utamu wake. Wazo ni la Marvin Minsky, mmoja wa waasisi wa akili bandia, mwaka 1952 akiwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani. Claude Shannon, yule wa nadharia ya habari, akakiunda kweli na kukiweka mezani kwake.

Mjomba Bakari: Nakipenda. Ila Salim akikifungua atakuta mota na swichi mbili, na saketi yake ataimaliza siku hiyohiyo. Baada ya hapo?

Rehema: Na zile goroli ndogo za sumaku?

Mama Mdogo Zuhura: Hapana. Nyumba ile ina mtoto anayetambaa.

Mjomba Bakari: Hilo halina mjadala. Mtoto akimeza mbili zinavutana kupitia kuta za utumbo mpaka zinautoboa. Ni upasuaji huo. Na yule ndege wa kioo wa kuchezea, anayeinamia maji kama anakunywa, namwondoa pia, ingawa nampenda sana. Kimiminika kilichomo mara nyingi ni dikloromethani, kemikali yenye sumu, kioo kikivunjika si kitu cha kuwa karibu na mtoto.

Mama Mdogo Zuhura: Ahsante kaka.

Juma: Saa ya taa za Nixie je? Tarakimu zinawaka rangi ya chungwa ndani ya kioo, usiku zinapendeza mno.

Mjomba Bakari: Neoni ya mle haiwaki mpaka ipate volti kama 170. Na Salim ataifungua tu, mnamjua. Tungoje kidogo.

Rehema: Mjomba, basi wewe tuambie unachokitaka 🙏

Mjomba Bakari: Moyo wangu uko kwenye viwili. Cha kwanza ni kinu cha mwanga cha William Crookes, cha mwaka 1873. Ni tufe la kioo lililotolewa karibu hewa yote, ndani mna vibao vinne juu ya sindano, kila kibao upande mmoja mweusi na wa pili mweupe. Ukikiweka juani, vinazunguka. Hakina betri wala waya. Mtu anadhani mwanga ndio unaovisukuma, lakini mwanga husukuma zaidi upande unaourudisha, na hapa upande mweusi ndio unaokimbia! Siri iko kwenye hewa kidogo iliyobaki. Ukiiondoa yote, hakizunguki.

Juma: Duh.

Rehema: Lakini hicho hakifunguliki Mjomba. Ni kioo kitupu.

Mjomba Bakari: Umesema kweli, ndiyo maana nakiweka cha pili. Cha kwanza kwangu ni injini ndogo ya Stirling, ile ya kuunganisha mwenyewe. Robert Stirling alikuwa mchungaji wa kanisa Uskoti, akaipatia hataza mwaka 1816. Unaiweka juu ya kikombe cha maji ya moto, unaligusa gurudumu kidogo, linaanza. Hewa iliyofungiwa ndani inapata joto chini na kutanuka, kisha inapoa juu na kusinyaa, hivyo hivyo, pistoni inapanda na kushuka. Zimo nyepesi zinazoenda kwa joto la kiganja tu. Na akiifunga vibaya haiendi! Msuguano kidogo tu unaisimamisha, kwa hiyo atairekebisha na kuirekebisha.

Bibi: Rehema amenisomea yote. Bakari, na wakiiweka juu ya barafu?

Mjomba Bakari: Shikamoo mama. Swali zuri sana hilo. Inakwenda, ila gurudumu linazunguka kinyume. Inachotaka ni pande mbili zitofautiane joto, basi.

Bibi: Marahaba. Mpeni hiyo.

Juma: Bibi ameamua 👏🏾

Mama Mdogo Zuhura: Nami naafiki. Ila maji ya moto ayaweke mezani juu, mbali na mtoto.

Rehema: Nimeipata yenye sehemu za chuma na maelekezo ya michoro. Niagize?

Mjomba Bakari: Agiza. Angalia kama vibisibisi vidogo vimo, la sivyo nitaleta vyangu. Na kwenye kadi msimweleze habari ya barafu. Aigundue mwenyewe.

Juma: Mimi nitahakikisha kwenye friji ipo.