Meli gani ya kitalii inafaa familia yenye watoto wadogo? Tunaondokea Mombasa

Mama Watatu, Kizingo

Assalaam aleikum wana jukwaa. Nina jambo nataka mnisaidie kabla sijalipa pesa ya watu.

Januari tulikuwa Mama Ngina jioni, watoto wanakula mihogo ya ndimu na pilipili, ikapita meli nyeupe ya watalii ikitoka Kilindini. Ilipita karibu, hata watu waliosimama kwenye roshani zao tuliwaona wakipunga mikono. Mwanangu wa kati alipunga mpaka meli ikawa kitone. Tangu siku ile, kila tukivuka Likoni ananiuliza, "Mama, meli yetu inakuja lini?"

Basi mimi na babake tumeamua Desemba hii twende. Chama changu cha kuchanga pesa kinanifikia zamu Oktoba, na yeye anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani bandarini, likizo ameshaomba. Tutakuwa sita: sisi wawili, mama mkwe, na watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 7. Wa pili, huyo wa kupunga mkono, atakuwa na miaka 2 na miezi 10, bado anavaa pampasi usiku na safarini. Mdogo atakuwa na miezi 11.

Shemeji yangu aliyeko Marekani ananiambia Royal Caribbean na si nyingine. Wakala niliyemwendea mjini anavuta upande wa Mediterania. Jirani anasema meli za MSC zinazotoka Durban kwa sababu Afrika Kusini siku hizi hatuhitaji visa. Nimechanganyikiwa. Nataka kujua kampuni gani itawapokea hawa watoto vizuri, chakula cha halali kikoje, na kama bahari itamsumbua mama mkwe.

Umm Fahad, Tudor

Wa aleikum salaam shoga. Sisi tulipandia Dubai na watoto wawili, MSC. Jambo moja lililonipendeza ni kuwa hatukupitia Nairobi. flydubai walianza kuruka Mombasa mwaka 2024, ukatoka uwanja wa ndege wa Moi ukashukia kule kule meli iliko. Na watoto wadogo, kupunguza ndege moja ni raha kubwa. Visa muanze mapema, na muombe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli inatoka Imarati inakwenda nchi nyingine halafu inarudi.

Baharia wa Mtongwe

Mama Watatu, karibu. Nimekaa melini miaka 11, kazi yangu ilikuwa kabini: kutandika, kusafisha, kuleta taulo, na kujua familia ipi ina mtoto anayeamka saa tisa usiku. Nimesharudi nyumbani, siuzi tiketi wala sina kamisheni ya mtu. Nakwambia nililoliona.

Jina la kampuni liache kwanza. Anza na mwanao wa kati.

Mdogo hana tatizo kubwa. Royal Caribbean, MSC, Norwegian, Carnival, Costa na Disney, wote wanapokea mtoto kuanzia miezi 6 kwa safari za kawaida. Ila safari ndefu za kuvuka bahari kuu wanataka awe ametimiza miezi 12. Royal Caribbean na Norwegian wanahesabu hata safari yenye siku 3 mfululizo bila kugusa bandari. Kwa hiyo mwanao wa miezi 11 akikatiwa safari kama hiyo atarudishwa gatini, na pesa hamtarudishiwa. Na wakala akikutajia Viking au Virgin Voyages, jua hajakusikiliza, maana hizo ni za watu wa miaka 18 kwenda juu.

Sasa huyu wa kati. Miaka 2 na miezi 10 ndiyo umri mgumu kuliko wote melini, na watu hawaambiwi. Klabu ya watoto, ile ya bure inayotangazwa kwenye picha zote, Royal Caribbean inaanza miaka 3 kamili na mtoto awe ameacha pampasi. Norwegian nao ni miaka 3. Wanatazama tarehe ya kuzaliwa kwenye pasipoti, hawatazami urefu wala akili ya mtoto. Chini ya hapo Royal Caribbean ina chumba cha wachanga kwenye meli zake nyingi, na Disney ina chake kuanzia miezi 6, lakini vyote viwili unalipa kwa saa na nafasi ni chache. Carnival ndio wanaopokea wa miaka 2 kwenye klabu yenyewe, na wafanyakazi wanabadilisha pampasi. MSC wana chumba cha walio chini ya miaka 3, kizuri, ila masaa ya kumwacha mtoto peke yake ni machache. Uliza ratiba ya meli hiyo hiyo utakayopanda, usikubali jibu la jumla.

Nitakueleza kwa nini nalishikilia hili. Safari moja, jioni ya kwanza tu, nilimkuta mama amekaa chini kwenye ujia nje ya kabini yake. Mfuko wa pampasi kando, mtoto wa miaka 2 amemlalia mapajani na viatu vyake vidogo bado miguuni. Alikuwa amevaa nguo ya kwenda kula. Wakala wao aliwaambia "watoto wote wanapokelewa", wakaweka akiba mwaka mzima. Mlangoni pa klabu mtoto akakataliwa. Siku saba zote wale wazazi walikula kwa zamu, mmoja anakwenda na mkubwa, mwingine anabaki kabini gizani na mdogo ili alale. Niliwaletea chai mlangoni kila usiku, hilo ndilo nililoweza. Sitaki wewe uwe yule mama.

Nyinyi mna mama mkwe, na hiyo ni neema, mradi asiende kuwa yaya wa siku saba. Yeye naye ni msafiri.

Ushauri wangu: kama mnaweza kungoja huyu wa kati atimize miaka 3 na aache pampasi, ngojeni. Kama Desemba haisogei, basi chagueni safari yenye bandari nyingi na siku chache za bahari tupu, ili mtoto ashuke, akimbie, achoke.

Kuhusu bahari. Durban ni karibu na visa hamna, kweli, tangu Januari 2023. Lakini pwani ile si kama yetu ya kaskazi. Pale unapita mkondo wa Agulhas, na upepo ukigongana nao mawimbi yanasimama. Halafu Pomene na kile kisiwa cha Msumbiji wanachokwenda hakuna gati, mnashushwa kwa mashua, na hali ya hewa ikiharibika hamshuki kabisa. Kwa mama mkwe kupanda na kushuka mashua si mchezo. Mkienda, kigari cha mtoto hakina kazi kwenye mchanga, chukua leso mbili umfunge mgongoni kama kawaida. Na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, wanaidai kwa kila aliyetimiza mwaka. Chanjo hiyo inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchanjwa, msiende kuchanjwa wiki ya safari.

Ghuba, yaani upande wa Dubai, ni shwari zaidi. Upepo wa shamal ukivuma huko majira ya baridi bahari inachafuka, ila si mawimbi ya bahari kuu. Popote mtakapokwenda, ombeni kabini za katikati ya meli na za ghorofa za chini. Hapo meli inayumba kidogo. Watu hulipa zaidi wapande juu kabisa, halafu ndio wanaoshikwa na kichefuchefu cha bahari.

Mama Watatu, Kizingo

Baharia, Mungu akujaze kheri. Nimemsomea mume wangu yote haya, tumenyamaza kidogo. Wakala hakuuliza hata mara moja tarehe za kuzaliwa za watoto. Aliuliza "wakubwa wangapi, watoto wangapi" basi.

Kungoja Februari wa kati atimize 3 ni sawa kwetu, ila mkubwa ana shule. Likizo ya Aprili? Na hizo kabini, sisi sita tutalala vipi? Wakala amesema watoto MSC ni bure.

Baharia wa Mtongwe

Hapo pa "bure" simama kidogo, dadangu. MSC mara nyingi mtoto chini ya miaka 18 halipi nauli, analipa ushuru wa bandari tu, lakini sharti awe kabini moja na wakubwa wawili waliolipa. Kabini za kawaida mwisho wake ni watu wanne. Nyinyi mko sita, kwa hiyo ni kabini mbili. Wewe, mzee, na wadogo wawili mnakaa moja. Bibi na mjukuu wa miaka 7 wanakaa ya pili, na huko yule mtoto ndiye mtu wa pili wa kabini, atalipa kama mkubwa. Mwambie wakala akupe hesabu hiyo kwa maandishi, majina yakiwa yamepangwa kabini kwa kabini. Ombeni zenye mlango wa kati baina yao. Hizo huisha mapema kuliko zote.

Ongeza pia bakshishi. Kampuni nyingi zinaitoza kila siku kwa kila kichwa, za Kimarekani ni kama dola 16 mpaka 20, na mtoto anahesabiwa isipokuwa baadhi yao wanasamehe wachanga. Siku 7, watu sita, utaona si kitu kidogo.

Aprili msimu wa Durban na wa Ghuba unafunga au umeshafunga. Meli zinakuwa zimeelekea Mediterania. Huko ni visa ya Schengen, na meli ikigusa Tunisia au Uturuki halafu ikarudi Ulaya mtahitaji ya kuingia mara nyingi. Aprili baridi bado ipo, madimbwi ya watoto hayatawafaa sana. Agosti kuna joto, shule zimefungwa, wa kati atakuwa na miaka 3 na nusu, mdogo ameshatembea. Mimi ningekuwa nyinyi ningekwenda Agosti, au ningengoja Desemba ya mwaka unaofuata niende Ghuba kama meli imewekwa.

Vitu vya kabini ambavyo hakuna atakayewaambia. Birika la umeme msibebe, litazuiliwa mlangoni pamoja na pasi, ni kwa ajili ya moto. Maji ya kuchemka ya chupa za mtoto muombeni mtu wa kabini, tulikuwa tunaleta kwenye themosi. Meli nyingi za Royal Caribbean na MSC hazina chumba cha kufulia mwenyewe, nyingi za Carnival na Disney zinacho. Na mtoto wa pampasi haruhusiwi kwenye bwawa la kuogelea, hata ile pampasi ya majini, isipokuwa kwenye kidimbwi maalumu kama meli inacho. Uliza kama inacho.

La mwisho, na hili ni la lazima: siku mnapopanda, kabla hamjafungua masanduku, muombeni mtu wa kabini jaketi la kujiokolea la mtoto mchanga. Kabatini mtakuta ya wakubwa. Ya wachanga yapo melini kwa sheria ya kimataifa, ila lazima useme. Nilikuwa nikilitandaza kitandani nalifunga mbele ya mama, ule mkanda wa kati ya miguu wengi hawaujui. Na viti vya roshani visikae karibu na reli, viwekwe ndani kabisa.

Khalati wa Mkomani

Mama Watatu mwanangu, huyo baharia amesema mengi mazuri. Mimi nimekwenda nikiwa bibi na wajukuu, acha niseme kwa upande wa mkweo.

Chakula: usiandike "halali" kwenye fomu ukanyamaza. Sisi tuliandika miezi miwili kabla, tukabeba nakala ya ujumbe, na usiku wa kwanza nikamuomba mkuu wa mkahawa aje mezani. Akanionyesha kipi kinaweza kupatikana na kipi hakiwezi. Siku nyingine tulikula samaki na mboga tu, na hatukufa. Bafe ni nzuri kwa watoto kwa sababu hawangojei, lakini pale kijiko cha nyama ya nguruwe kinahamia sinia nyingine mbele ya macho yako. Mimi nilikuwa nachukua kwenye masinia mapya yanayotoka jikoni.

Na mikono, mwanangu. Ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaotembea melini, norovirus, hauogopi dawa ya kupaka ya spiriti. Unatoka kwa sabuni na maji. Kila mlango wa mkahawa wanakupulizia ile dawa, nilikuwa nawapitisha wajukuu sinkini kwanza. Dada yao mkubwa alinuna, lakini tulirudi wazima.

Mkweo mkatie bima ya safari yenye kugharamia hospitali na kutolewa melini. Daktari yupo, ni mzuri, na bili yake ni ya kigeni.

Mama Watatu, Kizingo

Khalati shukran, nimemsomea mama mkwe naye, amesema yeye kuwa yaya hana neno, lakini ile mashua ya Msumbiji hapandi.

Tumeahirisha hadi Agosti. Pesa ya chama nitaiweka kando. Wakala nimemwandikia leo asubuhi nikampa tarehe za kuzaliwa zote tatu, nikamuuliza masaa ya chumba cha wadogo, kidimbwi cha pampasi, na kabini mbili zenye mlango wa kati. Bado hajajibu.

Kesho tunakwenda Uhamiaji kwa pasipoti ya mdogo. Wa kati nimemwambia meli yetu inakuja Agosti. Ameniuliza Agosti ni baada ya kulala mara ngapi.

Baharia wa Mtongwe

Mwambie ni baada ya kuacha pampasi. Na ukipata jina la meli, liandike hapa, kama niliwahi kuipanda nitakuchorea kabini zilizo mbali na kelele za disko.