Mjadala: Gari ni lako, taarifa za mwendo wake ni za nani?

Mazungumzo mengi kuhusu vifaa vya kufuatilia magari huishia kwenye wizi, kwamba gari lenye GPS likiibwa litapatikana. Hilo silipingi. Ninachohoji ni kule taarifa zinakopelekwa baada ya kukusanywa, na nani alizitolea ruhusa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Marekani. Machi 2024 gazeti la New York Times lilieleza jinsi kampuni ya magari ya General Motors (GM), kupitia huduma yake ya OnStar Smart Driver, ilivyokuwa ikizipeleka taarifa za madereva kwa LexisNexis, kampuni ya kukusanya na kuuza taarifa za watu, ambayo nayo ilikuwa ikiziuza kwa kampuni za bima. Dereva mmoja wa Chevrolet Bolt, aliyesema hajawahi kusababisha ajali, alishangaa kuona bima yake imepanda kwa asilimia 21. Alipoomba jalada lake alipewa kurasa 258, na ndani yake zimo safari 640 za miezi sita, zake na za mkewe, kila moja na saa ya kuondoka, saa ya kufika, umbali, na mara ambazo breki zilikanyagwa kwa nguvu. Kilichokosekana ni mahali walikokwenda tu. Na huduma yenyewe, tusisahau, ilinadiwa kuwa ya kumsaidia dereva aendeshe vizuri zaidi! Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) ilitangaza hatua ya kuizuia GM kwa miaka 5 kuzipa kampuni za aina ya LexisNexis taarifa za mahali na za uendeshaji.

Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni ya magari mapya, na sisi wengi tunaendesha yaliyokwisha kutumika Japani. Ni kweli, ila kwetu kifaa mara nyingi hakiji na gari kutoka kiwandani, bali hufungwa na anayekukopesha. Dereva wa bodaboda ya mkataba analijua hili vizuri, kwa sababu akichelewesha rejesho pikipiki inaweza kuzimwa kwa mbali. Mkopeshaji kulinda mali ambayo bado ni yake sioni ubaya. Ubaya ni pale deni linapokwisha, kadi ikahamishiwa jina la dereva, na kifaa kikabaki chini ya kiti kikiendelea kutuma habari kwa mtu asiyemdai hata shilingi.

Mabasi ya abiria nayaweka kando. Hapa Tanzania LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, huyafuatilia kwa VTS, yaani mfumo wa kufuatilia mwendo wa magari, na mwenye roho za watu hamsini mkononi hawezi kudai kwamba mwendokasi wake ni siri yake.

Kwa upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Zote zinataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililoelezwa bayana na zisitumike kinyume nalo. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba saini ya mkopo isihesabiwe kuwa ridhaa ya kupeleka safari za mkopaji kwa kampuni ya bima au kwa mkopeshaji mwingine.

Anayeona nimekosea anijibu kwa hoja. Na walio na vyombo vya mkopo naomba watuambie: mkataba wenu unasema nani atakizima kifaa baada ya rejesho la mwisho, na kwa gharama ya nani?