Mrejesho: jina "Mawio" kwa mtoto

Niliuliza kama Mawio, yaani kuchomoza kwa jua, ni jina linalofaa kwa mtoto au litamsumbua. Asanteni sana kwa kunijibu, tumempa.

Kilichosaidia zaidi ni jaribio la simu: kulitamka mara moja, bila kulirudia, msikilizaji aandike alichosikia. Kati ya watu 10, saba walipatia, wawili wakaandika Mario, mmoja Maua. Kumbe tatizo ni ile "w", simu inaimeza. Kulitamka taratibu, Ma-wi-o, kuliwasaidia wote watatu. Kulikuwa na majina mengine mawili kwenye orodha yetu. Yote mawili yalishindwa kwenye jaribio hilo.

Ushauri wa kuweka jina la pili lililozoeleka tumeufuata pia, ili akikua awe na la kuchagua.

Kwenye usajili, andikeni jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, msilitaje kwa mdomo tu, kisha someni rasimu herufi kwa herufi kabla ya kutia saini. Ya kwetu ilikuja na Mario, ikasahihishwa palepale.

Ambacho hakijafanikiwa: bibi yake bado anamwita kwa jina la pili. Tumemwachia.