Ligi ipi ya Ulaya inafaa kumfundishia kijana mpira?

KochaWaMtaa: Wakuu, nina vijana wa miaka 13 hadi 15, jioni tunafanya mazoezi uwanja wa shule. Jumamosi nawapeleka kibanda umiza, na hela yangu inatosha mechi moja tu. Wenyewe wanataka England, basi. Mimi nataka mechi ambayo wakitoka pale kuna kitu wameokota. Nichague ligi ipi?

WingaTeleza: England, tusizunguke. Ukipoteza mpira kwenye boksi lao, hujakaa sawa unauokota wavuni kwako. Na wadogo hawaogopi mtu, waulize Leicester waliobeba ubingwa 2016. Halafu Samatta alifunga kule akiwa Aston Villa, lile la kichwa Wembley dhidi ya Manchester City 2020. Kijana akiliona anaamini.

MzeeWaPasi: Kukimbia wanajua tayari, hiyo wala hawahitaji kufundishwa. Wapeleke La Liga ya Hispania wakaone viungo, wale wachezaji wa katikati. Watafutie Kroos wa Real Madrid dhidi ya Bayern, Aprili 2024. Vinícius anashuka kuomba mpira, Kim, beki wa Bayern, anamfuata, nyuma panabaki wazi. Kroos anamwonyesha kwa mkono pa kukimbilia, kisha anapitisha pasi ya chini katikati ya mabeki. Bao. Hakuna aliyekimbia sana pale zaidi ya Vini.

BintiMwanza: Mzee, hiyo ilikuwa Ligi ya Mabingwa, tena Munich.

MzeeWaPasi: Najua. Na pasi ile alikuwa anaipiga kila wikiendi wapi?

BintiMwanza: Haya. Mimi nasema Serie A ya Italia, na msiniletee habari za kupaki basi, timu nzima kurudi kulinda goli, hizo za enzi za babu. Atalanta ya Gasperini ilikaba mtu kwa mtu uwanja mzima. Beki wa kati anamfuata straika hadi nusu ya wapinzani, akienda kufunga kamba za viatu naye yupo. Fainali ya Europa 2024, Dublin, Leverkusen walifika wakiwa na mechi 51 bila kufungwa. Wakachapwa tatu, zote za Lookman wa Atalanta. Na kuanzia 2021 hadi 2025 ubingwa wa Italia umezunguka Inter, Milan na Napoli, hakuna aliyeutetea.

Kibubu: Leverkusen wanatajwa siku waliyofungwa tu! Msimu ule wamemaliza mechi 34 za Bundesliga ya Ujerumani bila kupoteza hata moja, mabao ya dakika za majeruhi kila mara. Grimaldo na Frimpong walikuwa watu wa pembeni wa mfumo wa mabeki watatu, lakini ulikuwa unawakuta kwenye boksi kama mawinga. Kocha, kama una mabeki wa pembeni wavivu, hiyo ndiyo dawa. Ila nakiri, ile miaka 11 mfululizo ya Bayern hata mimi nilikuwa nasinzia.

WingaTeleza: Ufaransa je?

Kibubu: Kama PSG wanacheza, nenda. Wasipocheza, nunua mihogo.

KochaWaMtaa: Nimerudi. Nilimsikiliza Binti, tukatazama Italia, na jana nikawajaribisha kukaba mtu kwa mtu. Tumefungwa nne. Beki wangu wa kushoto alimfuata winga mpaka kwenye mti walipoweka madumu ya maji, wakanywa wote wawili huku mpira uko golini kwetu. Jumamosi ijayo Mzee, nitajie mechi ya La Liga.