Rufaa ya kesi ya mauaji iwapo shahidi mkuu ni mtoto

Mama mdogo, Bungoma
Hamjambo wenzangu. Dada yangu aliuawa usiku nyumbani kwake, na aliyeshuhudia ni mwanawe wa miaka tisa, aliyeiambia mahakama kwamba alimtambua jirani yao kwa mwanga wa koroboi. Juma lililopita jaji alimwachilia jirani huyo, akisema kwamba mtoto hakuapishwa na maneno yake hayakuungwa mkono na ushahidi mwingine. Je, sisi jamaa tunaweza kukata rufaa? Na ni kweli neno la mtoto halihesabiki?

Wakili, Kisumu
Pole sana, dada. Rufaa ipo, lakini si yenu kuikata. Mashtaka ya mauaji ni ya Jamhuri, hivyo ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anayeweza kwenda Mahakama ya Rufaa, kwa mujibu wa kifungu cha 348A cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Notisi hutolewa ndani ya siku 14 tangu hukumu, nanyi mmekwisha kupoteza karibu nusu. Pelekeni barua leo kwa ofisi iliyoendesha mashtaka, msingoje nakala ya hukumu.

Neno la mtoto huhesabika. Sheria ya viapo, kifungu cha 19, inamruhusu atoe ushahidi bila kiapo ikiwa ana akili ya kutosha na anaelewa wajibu wa kusema kweli. Tatizo ni kwamba ushahidi wa namna hiyo hutakiwa kuungwa mkono na mwingine unaomgusa mshtakiwa, na msamaha wa sharti hilo uliomo katika kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi ni wa makosa ya kingono pekee.

Karani mstaafu wa mahakama, Nakuru
Naongeza kwamba yote yategemea jaji alikwama wapi. Ikiwa alimsikiliza mtoto akatilia shaka mwanga ule, majaji wa rufaa, ambao hawakumwona mtoto akihojiwa, watasita kumpinga. Ikiwa hakumpima, yaani kumhoji aone kama anaelewa kiapo na wajibu wa kusema kweli, kabla ya kuamua asiapishwe, hapo pana hoja ya kisheria: tangu kesi ya Kibageny ya mwaka 1959, mtoto wa chini ya miaka 14 hupimwa kwanza. Isitoshe, kesi ya Anjononi ya mwaka 1980 inasema kumtambua mtu unayemjua kunaaminika zaidi kuliko kumtambua mgeni. Mtoto alimtaja jirani kwa mara ya kwanza lini, na kwa nani?

Mama mdogo, Bungoma
Usiku ule ule, kwa nyanya yake. Nyanya hakuitwa mahakamani.

Wakili, Kisumu
Hilo linauma, kwa sababu kauli iliyotolewa papo hapo ingeweza kuupa nguvu ushahidi wa mtoto. Liandikeni katika barua yenu, ila mjue kwamba rufaa huamuliwa kwa kumbukumbu za kesi, na ushahidi mpya hupokewa kwa nadra sana.